Magugu Niliyoyachoma Burat

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipowasha moto wa magugu huku nikitabasamu. Mtu mmoja tu angeweza kunizuia, naye nilikuwa nimekwisha kumfukuza. Nakueleza habari hii kwa sababu nimesikia wewe nawe umepewa jembe la watu wa wanyama, na nimeona jinsi unavyowatazama wapita njia. Jicho hilo nalijua, maana nimeishi nalo tangu ujana wangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa msichana wa Kiturkana wa hapa Burat, Isiolo, nimemaliza darasa la saba, mdomo mwepesi na mkono mwepesi vilevile. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa na kishamba cha mahindi kando ya mfereji, shamba la mwisho kabisa kabla ya pori. Kila kiangazi pundamilia walishuka, na mahindi ya kwanza waliyokutana nayo yalikuwa ya mama. Hatukuwa na kingine. Mahindi yakiliwa, tulikula kwa kuomba.

Basi ofisi ya wanyama ikaleta wazo. Kati ya pori na mashamba ya watu walilima kipande cha ardhi ili wanyama wapandiwe chakula chao wenyewe: mtama, maharagwe meusi ya njahi, na nyasi. Kipande hicho kitazungushiwa ua wa miiba, na kiangazi kikali kikifika ua utafunguliwa: kikiwa bado kijani, pundamilia watashiba pale na kurudi zao. Kikikauka, watapita moja kwa moja hadi kwa mama. Wakatafuta mtu wa kukitunza, wakanipata mimi. Unaweza kuona kwamba sikuhitaji kuhimizwa.

Watu walicheka, wakaliita shamba la pundamilia. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona. "Wanyama wanapandiwa njahi, na watoto wetu je?" Wengine wakasema, "Leo ni nyasi, kesho ni waya, keshokutwa tunaambiwa tuhame." Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyohivyo, ila nilikuwa upande wa ndani wa ua.

Maana mimi, mwanangu, sikumwamini mtu. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Kirimi, Mmeru mpole mwenye kofia kubwa. Kila akija aliandika kitu kwenye daftari, na akiandika alifunika kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa. Nilijua ananiandika mimi. Naye nadhani alinishuku, kwa kuwa mara mbili alipita kwetu saa ya chakula, akachungulia sufuria kuona kama ina njahi za wanyama. Alikuta mahindi na maharagwe, akakaribishwa, akala, akashiba, akaenda zake bila kuandika chochote.

Mvua ya Aprili ilinyesha vizuri. Kila kitu kikaota, na magugu yakaota zaidi: mchicha pori, kishona nguo, mbigili. Nilipoyaona nikasema ni majirani, wamekuja kunirushia mbegu mbaya ili shamba lishindwe. Nilikaa wiki nzima nikiwahesabu maadui. Baadaye nilikung'uta gunia la mbegu tulilopewa, nikaona mbegu za mchicha pori zimejaa kwenye mshono wa chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nilikuwa nakagua nguo za wenzangu. Hata hivyo nilipalilia mapema, magugu yakiwa madogo, na hilo nilifanya vizuri. Usinione nilikuwa mjinga wa kila kitu.

Kando ya shamba ilipita njia ya kwenda mtoni. Kila asubuhi aliitumia bibi mmoja wa Kiborana aliyehamia huku kutoka Kulamawe, jina lake Dahabo. Watu walimwita Akko Dahabo, na akko kwao ni nyanya. Alikuwa na mbuzi tisa. Aliwapitisha wakiwa wamefuatana, akimsalimia mama yangu kwa mbali kwa kuinua fimbo, na mama akimjibu kwa kuinua jembe. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza sana, kwa hiyo walisalimiana tu.

Mwisho wa Mei mvua ilikatika mapema. Nilikuwa nimeinama nang'oa magugu yaliyoota mara ya pili, Akko Dahabo aliposimama kando ya ua wa miiba.

"Salaam aleikum, binti."

"Habari, Akko."

"Hii majani, wacha kungoa sasa. Ile ya kwanza ulingoa ikiwa kidogo, hiyo ni sawa. Lakini sasa mvua imekwisha. Kata na panga, wacha ilale hapohapo chini. Ardhi ikibaki uchi, jua itakula yeye."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema, ahaa. Magugu yaliyokatwa na kulazwa chini ni chakula cha nani kama si mbuzi? Kizee huyu anataka nimwandalie meza. Tena ni Mborana. Mwanangu, miaka ile mifugo ilikuwa imeibwa huku na huku, watu wamezikwa, na sisi watoto tulikuwa tumenyonya shuku pamoja na maziwa. Siisemi kwa kujivunia. Nasema ili ujue kwamba neno lake lilikuwa zuri, ila masikio yangu yalikuwa yamekwisha kufungwa kabla halijafika.

Siku tatu baadaye nikakuta njahi zimeliwa. Mstari mzima upande wa chini ulikuwa umebaki vijiti, na kwenye udongo zilikuwapo alama za kwato. Nilikulia kati ya mbuzi, nikajiona bingwa wa kwato. Nikapiga kelele. Bwana Kirimi alikuwapo siku hiyo, na Akko Dahabo alikuwa anarudi kutoka mtoni na mbuzi wake.

"Ni huyu!" nikasema. "Juzi alinishauri niache magugu. Leo njahi zimeliwa. Dalili ya mvua ni mawingu."

Bibi hakujibu kwa hasira. Alipita penye ua, akapiga magoti kwa shida, akatia kidole ndani ya alama moja, akapima.

"Hii imechongoka mbele," akasema. "Mbuzi iko na mguu butu. Hii ni swala." Kisha akanitazama. "Binti, wewe umepanda chakula ya nani?"

Bwana Kirimi alicheka kidogo. Kicheko hicho kiliniuma kuliko kosa lenyewe. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kila asubuhi naona bibi akifuatana na mbuzi, si swala, na kwamba bibi huyo akiachwa apite hapa nitaacha kazi. Bwana Kirimi hakupenda kelele. Akamwambia bibi kwa upole aache njia ile, azunguke kwa barabara kubwa. Barabara kubwa ilikuwa mbali, na magoti yake uliyaona mwenyewe nilipokueleza.

"Sawa," Akko Dahabo akasema. "Mungu anaona."

Kabla wiki haijaisha tukasikia amepanda lori na mbuzi wake, amekwenda kwa mwanawe Garbatulla. Sasa, mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nilisema, amejificha tu, atarudi kuvizia. Basi nisimwachie hata jani. Nikang'oa magugu yote, na mizizi yake, nikayarundika nje ya ua, na asubuhi ile niliyokutajia nikayatia moto. Udongo ukabaki safi, umefagiwa kama uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi. Bwana Kirimi alipokuja alisema nimefanya kazi nzuri, akaandika. Mara hiyo hakufunika daftari.

Kisha ukaja upepo wa Juni. Unaujua upepo wa Isiolo, unavyokwangua ardhi. Udongo wa juu uliondoka, uliobaki ukapasuka. Njahi zikajikunja majani saa nne asubuhi na hazikuyakunjua tena. Nyasi changa zikawa rangi ya kamba. Nilibeba maji kwa mtungi kutoka mferejini mpaka mabega yakachubuka, lakini shamba lile halikuwa la kushibishwa kwa mtungi.

Mahali pamoja tu palibaki kijani. Ilikuwa kona ya juu, karibu na ua, ambako mbigili zilikuwa zimenichoma mkono nikaacha kung'oa kwa uvivu. Pale njahi zilisimama katikati ya magugu. Nilitia mkono chini ya mbigili, nikagusa udongo. Ulikuwa na ubaridi, na ulishikana kidoleni. Nilikaa chini nikalia. Nilielewa, mwanangu, na nilitamani sana nisielewe.

Na kama hiyo haikutosha, asubuhi ya pili nikakuta swala wawili ndani ya kona ileile, wanakula njahi zilizobaki. Mbuzi wa Akko walikuwa Garbatulla. Swala walikuwa wameingia kwenye pengo la ua ambalo sikuwahi kuliziba, kwa kuwa muda wote nilikuwa nalinda upande wa njia, nikiwatazama watu. Walinyanyua vichwa wakaniangalia bila wasiwasi. Walikuwa wanakula chao, ila wamekuja kabla ya wakati, na mwenye kazi ya kuwafungia nje mpaka kiangazi kikali nilikuwa mimi.

Agosti ua ukafunguliwa, pundamilia wakashuka. Walisimama kwenye shamba lao, wakanusa vijiti vikavu, wakapita. Kulipopambazuka mahindi ya mama yalikuwa yamelala. Nilimkuta anaokota mabua yaliyovunjika, anayafunga mafungu ili angalau apate cha kuuzia wenye ng'ombe. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu.

"Yule mama wa mbuzi aliyekuwa akinisalimia, simwoni siku hizi. Ni mgonjwa?"

Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia siku ile, kati ya mabua, na mama akafunga fungu lake mpaka mwisho. Kisha akasema niende kwa bibi huyo.

Nilipanda lori la mifugo hadi Garbatulla, vumbi mpaka kwenye meno. Akko Dahabo nilimkuta anakamua mbuzi nyuma ya nyumba ya mwanawe. Nilisimama kama mwizi. Nikamwambia kwamba kwato zilikuwa za swala, kwamba magugu nimeyachoma, na kwamba mahindi ya mama yamekwisha. Nikaomba msamaha.

"Ulichoma yote?"

"Yote, Akko. Isipokuwa kona moja."

"Na hiyo kona iliishi?"

"Iliishi."

Aliendelea kukamua. "Mimi nilijua mbuzi yangu haikula," akasema. "Hiyo haikuniuma. Mtu anaweza kukosea mguu ya mnyama. Lakini siku ile mimi naangalia chini kwa kwato, wewe unaangalia nguo yangu. Kama mama yako ndiye alisema hiyo maneno ya majani, ungesikia. Si ndiyo?"

Nilisema ndiyo. Uongo mbele ya mtu kama yule hausimami.

"Basi nimesamehe. Lakini mahindi ya mama yako hairudi, na mimi pia sirudi. Mguu imechoka."

Alinimiminia maziwa kwenye kikombe, nikayanywa nimeinamisha kichwa. Nilipoaga alinishika mkono akanieleza kazi yote tangu mwanzo, polepole, akirudia, kana kwamba hatukuwahi kugombana. Mwaka uliofuata nilifanya kama alivyosema. Shamba lilikaa kijani hadi Septemba, pundamilia wakashiba pale wakarudi, na mama akavuna. Alipovuna alisimama kando ya njia ya mtoni akiwa ameshika jembe, akaangalia. Hakuna aliyepita.

Sasa sikia, mwanangu, maana mimi ni mzee na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Palilia mapema, magugu yakiwa hayajatoa maua, na kung'uta gunia la mbegu kabla ya kumlaani jirani. Mvua ikikatika, weka jembe chini ushike panga: kata, laza papo hapo, funika udongo. Usichome. Ziba ua pande zote, si upande wanaopita watu tu. Hayo ni ya shamba.

Ya moyo ni haya. Sikukatazi kushuku. Huku kwetu asiyeshuku hulala bila mbuzi, na mimi mpaka leo nawahesabu kuku wangu mara mbili, hata mbele ya mchungaji. Lakini shuku ikikujia, ipeleke kwanza ikaangalie udongo, kisha ndiyo irudi iseme jina la mtu. Na neno jema likija kutoka kwa mtu wa kabila lingine, usilirudishe kwa sababu ya aliyelileta. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni alikuja, nikamfukuza, na aliyeumia ni mama yangu. Msamaha niliupata, mwanangu, lakini salamu zile za asubuhi mama hakuzipata tena mpaka alipokufa.

Nenda basi. Mungu akubariki mikono na macho. Mvua ikukute umepanda, kiangazi kikukute umefunika, na siku jirani atakapokuja na neno la kukuokoa, akukute uko nyumbani na mlango uko wazi. Amina.