Picha ya Kitinda Kwenye Simu ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata waliomzidi umri. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na cherehani mbili: ya miguu aliyoachiwa na mama yake, na ya umeme ambayo hakuipenda. "Hii inakimbia kama imeiba," alikuwa akisema, kisha anarudi kwenye ile kuukuu.

Alikuwa na jicho kali. Ukipita tu barabarani, ameshajua bega lako lipi limeshuka. Zamani alikuwa na vitabu vya mishono, vikachakaa hadi kurasa zikashikwa kwa uzi. Baadaye mishono yote ikahamia simuni. Aliitoa wapi? Kwenye stetasi za watu, zile picha wanazoweka simuni zikajifuta baada ya siku moja. Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alikaa na kikombe chake akiwapitia wateja na majirani mmoja mmoja: huyu kavaa mikono ya puto, yule kashonewa shingo ya moyo. Akipenda kitu, vidole viwili, tap, skrinishoti. Mwenyewe hana habari. Kesho yake stetasi imeshakufa huko ilikotoka, kwa Fundi inaishi.

"Utakuja kukamata mke wa mtu kajifunga taulo," alimtania muuza vifungo wa mlango wa pili.

"Mimi nakamata nguo, sikamati watu," akajibu Fundi. "Na macho hayalipi kiingilio."

Mteja akija, Fundi alimpa simu aishike mwenyewe, apitishe picha kwa kidole achague, huku yeye anampima au anampiga pini. Hivyo kazi ilikwenda haraka na mteja hakuchoka kusimama. Mafundi wengine walimwiga.

Sasa, katika picha hizo zilikuwamo za Kitinda. Kitinda alikuwa mdogo wake, mziwanda wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka sita na Fundi kumi na tisa. Akamlea. Akamshonea sare ya shule kwa kitambaa cha pazia, na wenzake walipomcheka, Fundi alikwenda hadi getini akawauliza nani kati yao ana dada anayejua kushona hata kifungo. Tangu siku hiyo Kitinda alitembea kifua mbele.

Alipokua aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyeinua sauti hata darasani, wakahamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Miaka saba ikapita bila mtoto. Kwenye simu Kitinda hakuwa msemaji, kwa hiyo Fundi aliishi kwa stetasi zake. Kila aliyoiweka, Fundi aliikamata: Kitinda na mwalimu mbele ya mlango wao mpya, Kitinda anacheka na sufuria imeungua. Hakujua kuzitenga na mishono. Zilikaa humo humo, gauni, gauni, mdogo wake, gauni.

Jumanne moja adhuhuri Kitinda aliweka nyingine. Amekaa kwenye benchi la hospitali, gauni la kijani aliloshonewa na dada yake, macho mekundu. Chini aliandika: "Leo tumeambiwa. Mimi sina tatizo. Miaka saba nimetukanwa kwa jambo lisilo langu, na nitaendelea kunyamaza, kwa sababu nampenda."

Vidole vya Fundi vilikamata kabla macho hayajamaliza kusoma. Akaweka mkasi chini, akalia. Akapiga simu, haikupokelewa. Haikutimia saa moja akaangalia tena: hamna, imefutwa.

Jioni Kitinda akapiga mwenyewe. "Dada, leo uliona kitu changu chochote?"

"Kitu gani?"

Kitinda akashusha pumzi ndefu. "Basi. Nilipitiwa kidogo. Yameisha."

Fundi alidanganya ili mtoto wake huyo wa kulea asione haya. Ndivyo alivyojiambia. Lakini picha hakuifuta. Siku nyingine, akisubiri pasi ipate moto, aliifungua akaisoma, na moyo ulimvimba kwa uchungu na kwa majivuno pia. Kumbe mwana wao alikuwa mzima muda wote!

Wiki tatu baadaye alikuja wifi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mwalimu, mkazi wa mtaa wa pili, mama wa watoto watano, na salamu yake haikuisha kabla hajawataja wote watano. Alikuja kujaribu gauni. Fundi akampa simu achague mshono wa mikono, akapiga magoti chini, pini mdomoni, akaanza kupandisha pindo.

"Kiunoni niachie nafasi, Fundi," wifi akasema, kidole kikipitisha picha. "Sisi tumezaa, hatuna viuno vya nyigu kama mdogo wako. Kiuno kizuri, sikatai, lakini ni pambo tu."

Mwenye pini mdomoni hajibu.

"Wala usikasirike, sisi ni watu wazima. Ndugu yangu nimeshamtafutia mwingine. Binti wa watu, ana afya yake. Mwezi ujao nampeleka wakaonane. Mdogo wako akitaka kukaa, akae. Nyumba si ndogo. Asaidie kulea."

Kutoka pale chini Fundi aliona kidole kikisogea. Alizijua zile picha kwa mpangilio wake kama anavyojua vifungo vya blauzi. Gauni la njano lenye marinda. La mistari. La mabega wazi. Baada ya hilo, Kitinda kwenye benchi. Alikuwa na nafasi ya kutema pini na kusema lete simu. Mkono uliinuka kidogo, ukarudi kwenye pindo. Mwache aone, moyo ukasema. Mwache asome mwenyewe.

Sauti ya juu ikakatika ghafla. Kisha: "Hii nini?"

Wifi alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akatoa simu yake mkobani, akaipiga picha ile picha. Hapo ndipo Fundi aliporuka, pini zikamwagika sakafuni. "Hapana! Hiyo si ya kwenda popote! Wifi, nakuomba!"

"Unaniomba nini? Mdogo wako anamtangaza ndugu yangu ulimwenguni kuwa si mwanamume, wewe unaniomba?" Akatoka vile vile na gauni lisilokwisha, upande mmoja magotini, upande mmoja unafagia njia.

Hata jua halikuzama. Ukoo mzima wa mwalimu ulikuwa nayo, na kesho yake walimu wenzake walikuwa nayo. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwuliza mkewe swali moja tu, "Tulikubaliana nini?" Wiki haikuisha akafunga begi, akaomba uhamisho wa shule ya mbali, akaenda peke yake.

Kitinda alishuka kwa dada yake na basi la asubuhi. Hakukaa. Alisimama kati ya cherehani mbili, amekonda.

"Siku ile nilikuuliza, dada. Ukasema hukuona."

"Nilitaka usione haya."

"Na wifi?"

"Alikuwa anakutukana, mwanangu! Mbele yangu! Anakutafutia mke mwenza!"

"Ananitafutia tangu mwaka wa pili. Mwalimu alikuwa ananiigizia maneno yake, tunacheka mpaka tunalia." "Ulijua picha imo humo?"

"Nilijua."

"Ungeweza kumnyang'anya simu?"

Fundi alitazama mikono yake. Mtu mwenye majivuno hana mazoezi ya kujibu swali kama hilo. "Ningeweza," akasema.

"Niliwaruhusu watu wawili tu kuiona. Wewe na rafiki yangu wa shule. Nilikuwa nimezidiwa, nikaandika, nikajuta, nikafuta kwa mkono wangu. Mtu si anaruhusiwa kujuta? Mimi nilijuta kwa wakati, dada. Wewe ukaninyima."

"Nilikuwa nakutetea."

"Nilikuwa na mume. Sikuhitaji mtetezi."

Akanyoosha mkono, na Fundi akampa simu. Kitinda alipitisha picha polepole. Gauni aliliruka, gauni aliliruka, akijiona mwenyewe, anafuta. Mlango mpya, akafuta. Sufuria iliyoungua, akafuta. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, miaka saba yote, hata zile alizozisahau mwenyewe. Fundi alikaa kwenye kigoda chake na kila mguso wa kidole aliusikia mwilini.

"Niachie moja," akasema mwishowe. "Moja tu, Kitinda. Sina nyingine za kwako."

Kitinda alikuwa amefika kwenye ile ambayo yeye na mwalimu wamekaa ngazini, kichwa chake begani mwa mumewe. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha nayo akaifuta, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Nikitaka unione, nitakuja," akasema.

Hakusema lini, na Fundi hakuthubutu kuuliza.