Madumu Yasiyoonja Maji

Petroli ina harufu yake kali inayopanda moja kwa moja kichwani, kila mtu anaijua. Ya gari letu, kiangazi kile, ilikuwa na nyingine ndani yake. Baba alipoliwasha asubuhi, moshi ulifika hadi jikoni ukiwa na harufu ya mishumaa iliyozimwa sasa hivi, kama kanisani misa inapokwisha, na watoto wa kijiji chetu, upande wa Mabamba, walilikimbilia kwa nyuma wakiuvuta kwa pua zote mbili. Mimi ndiye niliyeongoza. Shuleni nilitamba kwamba magari ya watu wengine yananuka, letu linanukia. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba jibu lilikuwa puani mwetu tangu mwanzo na hakuna aliyelitambua. Hadi leo nikikuta watu wazima wamelizunguka gari lililozima, kila mmoja na ushauri wake mdomoni, hasira hunipanda, na huwa naondoka kabla sijamtukana mtu.

Lilikuwa pikapu kuukuu, la kabureta, rangi yake imeshaliwa na jua la barabara za watu wengine kabla halijafika kwetu. Baba alibeba nalo asali ya mama kwenda Kasulu, na maharage ya majirani, na wagonjwa, na maiti, na maharusi. Asali ilikuwa ya mama kwelikweli. Kwao walikuwa watu wa mizinga, babu na wajomba wote wameishi kwa nyuki wa miombo, naye aliolewa akaja na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala: dumu la asali halioshwi kwa maji. Asali ikiguswa na maji huchacha, na mnunuzi akionja asali iliyochacha mara moja anakukumbuka hadi kaburini. Dumu likiisha linainamishwa juani, linakauka, linafungwa. Kilichoganda ubavuni kinabaki humohumo kikisubiri asali ya mwakani. Mimi niliwahi kuchapwa kofi la mkono kwa kulisogelea dumu na kata ya maji. Mama aliyatazama madumu yake ya njano kama wanawake wengine wanavyotazama vyombo vya kabatini. Alipenda kusema, "Haya hayajaonja maji."

Kiangazi kile mama alikuwa mjamzito. Nieleze ili ieleweke mimba hiyo ilikuwa na uzito gani. Mimi nilizaliwa kwa kisu hospitali ya Kabanga, na baada yangu tumbo lake lilinyamaza miaka mingi, hadi wanawake wa ukoo wa baba wakaanza kumsalimia kwa sauti ya pole. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mtoto wa pekee, kitu ambacho kwetu ni kama kuwa na jicho moja. Kisha mimba ikaingia, na ikakaa. Daktari alimwambia asijaribu kujifungulia nyumbani hata kidogo, na mama akasema atarudi Kabanga kulekule, kwa sababu aliyekupasua ndiye anayejua alivyokushona. Baba akasema hilo halina shida, gari tunalo. Mwezi ule ule gari likaanza kuzima.

Lilizima bila kuaga. Linakwenda vizuri, linanguruma, mara linakohoa mara mbili tatu, kimya. Baba anashuka, anafungua boneti, anagusa hiki na kile, anakaa juu ya jiwe akiwa amekasirika. Baada ya muda analiwasha, linawaka kana kwamba halikuwahi kuwa na neno na mtu. Asubuhi za baridi ndipo lilipotuaibisha zaidi. Jua likishapanda, linapona. Baba alibadilisha plagi. Alisugua platini, vile vyuma viwili vidogo vya kuamsha cheche, kwa msasa hadi zikang'aa. Akanunua koili, akabadilisha mipira ya mafuta, akabadilisha filta. Kila kifaa kipya kilitupa siku chache za matumaini, na matumaini yale nayachukia kuliko kuzima kwenyewe, maana kila mara baba alirudi nyumbani akiimba, akamwambia mama, "Sasa limepona."

Fundi wake alikuwa Kasulu mjini, anaitwa Rajabu, mtu mzima mwenye kofia ya kiua na asili ya Pwani, mpole, hakujua kudanganya mteja. Nakumbuka safari moja nilipokuwapo. Tulifika kwake mchana, jua kali, gari halijazima tangu asubuhi. Akaifungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, akaipuliza jeti, ule mdomo mdogo wa shaba unaopitisha petroli, akaiinua kuangalia mwanga ndani yake. Safi. Akauliza swali ambalo kila fundi angeuliza kwanza: "Mzee, mafuta yako hayana maji?" Baba akacheka, kicheko cha mtu aliyeguswa pale anapojiamini.

"Maji? Fundi, mafuta yangu nayaweka kwenye madumu ya asali ya mama Skola. Hayajaonja maji tangu yanunuliwe."

Rajabu naye akacheka, akafuta mikono. Petroli ikafutwa kwenye orodha ya washukiwa, na haikuulizwa tena. Ndivyo ilivyokuwa: dumu la zamani la petroli lilipasuka mwanzoni mwa kiangazi, mafuta yalikuwa ya kufuata mbali na kuweka akiba, na mvua zilikuwa zimewanyima nyuki maua, kwa hiyo madumu ya mama yalikaa bure. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyatoa. Adui wa petroli ni maji, dereva yeyote anajua, basi ni dumu gani lingekuwa salama kuliko la mama? Baba alimshukuru siku hiyo mbele za watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba utakuwa umeivaa nguo hiyo kwa fahari.

Tulipokosa jibu, kijiji kizima kikageuka fundi. Mmoja alisema gari limerogwa, mwingine akasema limechoka, na dereva mmoja wa lori aliyelala kwetu akasema ni joto: petroli inageuka mvuke kabla haijafika, dawa yake ni kitambaa cha maji baridi juu ya pampu na kabureta. Baba akalishika lile la kitambaa kama mtu anayezama. Mama alimwomba mara mbili apande basi mapema, akae kwa shangazi karibu na Kabanga asubiri siku zake. Baba akamuuliza watu watamwonaje, mwenye gari anampandisha mkewe basi. Mama hakubishana. Alikuwa na adabu ile ya zamani ambayo siku hizi inasifiwa sana, na mimi siisifu.

Uchungu ulimshika kabla ya siku alizohesabu. Tuliondoka kunapambazuka, umande umelowesha boneti, pumzi zetu zinaonekana. Mimi nilikaa katikati yao nikiwa na kifurushi cha nguo za mtoto. Tulipita Kibondo salama, baba akaanza kuimba kidogo. Tukaingia porini, mahali ambapo ni miombo kushoto na miombo kulia, na pale likakohoa. Baba hakusubiri hata lisimame vizuri, alishuka na kopo la maji. Alihitaji kitambaa. Mama akafungua kifurushi mapajani mwangu, akatoa khanga mpya aliyoinunua kumpokelea mtoto, akaichana kwa meno, akampa nusu. Baba akailoweka, akaizungushia kabureta. Gari likawaka, likaenda umbali wa kutupa jiwe, likazima. Akailoweka tena. Maji yalikuwa ya baridi kali, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Kadiri lilivyogoma ndivyo alivyozidi kumwaga. Mama hakupiga kelele. Alishika kishikio cha mlango, akaniambia niangalie miti, nimtafutie mizinga ya nyuki. Nikaitafuta. Niliona mmoja, nikamwonyesha, akasema, "Ego, ndiyo, ni mzuri," na sauti yake haikuwa yake.

Lori la maharage ndilo lililotuchukua, jua likiwa limeshapanda. Kabanga walifanya yote wanayoweza binadamu. Mama walimrudisha kutoka alikokuwa ameshakwenda. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Kizazi cha mama nacho kikabaki hukohuko hospitalini. Kwetu mtoto ambaye hakulia hafanyiwi msiba wa watu, kwa hiyo baba alimzika akiwa na wajomba wawili na jembe moja, mtoto amefungwa ile nusu ya khanga iliyobaki. Hakuna aliyekuja kutupa pole kwa sauti. Nadhani kilio kingetusaidia.

Mama akiwa bado kitandani, gari lilivutwa hadi Kasulu, na baba akalala palepale gereji ili apige hesabu ya kuliuza. Asubuhi yake nilipita na shangazi kumpelekea uji kabla ya kwenda wodini. Kulikuwa na baridi. Rajabu alikuwa ameifungua kabureta kabla injini haijaguswa na moto wowote, jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya, kwa sababu siku zote tulimfikia mchana gari likiwa la moto. Chini ndani ya bakuli la kabureta palikuwa na utando mweupe. Kwenye tundu la jeti palikuwa na kitu kama punje. Akakitoa kwa sindano, akakisugua kati ya vidole viwili, akakinusa, kisha akampa baba anuse. Baba hakuhitaji kuambiwa. Fundi akamweleza polepole, kama mtu anayefunga kidonda cha mwingine: petroli inakula nta iliyoganda kwenye madumu, kwenye baridi nta inaganda tena, inaziba kitundu, gari linazima, ukikaa, joto la injini linapanda, inayeyuka, gari linawaka.

"Na kitambaa?" baba akauliza.

Rajabu aliifuta sindano kwanza. "Kitambaa kiliigandisha zaidi, Mzee wangu."

Baba alikaa chini, pale penye oili, na suruali yake ya kanisani. Kisha akaniita. Alinishika mabega akaniambia maneno ninayoweza kuyarudia yote: "Mama yako ana kidonda tumboni, kinamtosha. Asijue kwamba ni madumu yake." Mama alipomwuliza wodini gari lilikuwa na nini, baba alimjibu kwa lugha ya nyumbani, "Ni Imana," ni Mungu, na mama akageukia ukutani. Gari akaliuza. Asali waliendelea nayo hadi uzee, mama akiinamisha madumu yake juani, baba akimtazama. Wakati mwingine aliinuka akaondoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu mama. Ni mzee sasa, na peke yake, baba tulishamzika. Njia iliyotumaliza siku ile sasa ni lami, unaikata huku unasikiliza redio. Gari langu dogo halina kabureta. Likiumwa, kijana wa gereji anachomeka kifaa chake na gari lenyewe linataja panapouma. Sisi letu tuliliuliza kila kitu isipokuwa kile tulichokiamini. Nilitaka kusimama pale lilipozima mara ya mwisho, lakini miombo imekatwa na kilima kimechongwa, sikupatambua. Nilipunguza mwendo, nikapigiwa honi, nikaendelea.

Jioni, tukichambua maharage, mama akaniuliza bila kunitazama, "Hivi, Skola, lile gari lilikuwa na nini hasa? Baba yako hakuwahi kuniambia vizuri."

"Platini, mama," nikasema. "Fundi alisema ni platini."

"Platini," akarudia. "Kitu chenyewe kikubwa?"

"Kidogo tu."

Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage. Asubuhi wakati naondoka aliingia ndani, akatoka amelikumbatia dumu la njano tumboni, akalifikisha mwenyewe hadi kwenye gari. Akasema vituo vya mafuta si vya kuviamini, njia ni ndefu, niwe naweka petroli ya akiba humo. "Ni kavu," akasema. "Halijaonja maji." Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaliweka kiti cha nyuma akiwa ananiangalia. Njia nzima hadi Kasulu gari lilinukia mishumaa.