Kibati cha Fundi Mashine

Fundi wetu wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Viwanja Sitini, tangu apasuliwe tumbo likapunguzwa kwa sababu ya unene, huvaa shingoni kibati chenye maandishi ya daktari. Harusini au msibani, kabla hajapakuliwa, hukifuta vumbi la pumba kwa kidole gumba, akamwonyesha mpakuaji kama askari kanzu anayetoa kitambulisho. Juzi, nikiwa kwake, mama yake alipofika kutoka Sanje na bakuli la wali kwa kuku, kibati kilizama ndani ya shati. Kijiko cha nne kikamshinda, jasho likamtoka. Mama akauvuta mnyororo wa kibati shingoni, akanigeukia. “Hebu nisomee.” Nikasoma: “Tumbo limepunguzwa. Anakula kidogo kidogo.” Mama akavuta kigoda, akaketi mbele yake. “Kula kidogo kidogo, mwanangu. Mimi sina haraka.”