Nilimwambia asichangie mbuzi wa kafara, duara likamwangukia

Admin, naomba ufiche jina langu. Nafundisha watoto kanisani na wazazi wao wanasoma humu.

Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa sekondari, naishi Nyahanga, Kahama, na mama yangu mjane. Mdogo wangu wa pekee, nitamwita Petro, alikuwa anachimba dhahabu Rwamgasa. Kwenye kundi lake, kabla ya kushuka duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, walimleta mganga. Kila mmoja achangie mbuzi, kisha apakwe damu mkononi. Petro alinipigia simu kuniuliza. Hata sikufikiri. Nilimjibu, "Wewe umeokoka. Damu ya Yesu inakutosha. Shuka, hakuna kitakachokugusa."

Maneno hayo ya mwisho hayamo kwenye Biblia. Niliyaongeza mwenyewe. Petro akanitii, akashuka bila kuchangia wala kupakwa damu.

Wiki ya tatu duara lilititia. Chini walikuwa wanne. Watatu walitoka na michubuko tu. Petro alivunjika uti wa mgongo, na madaktari wametuambia hatatembea tena. Mwenzake mmoja alikuja hospitali kumwona, akamtania, "Mlokole, Yesu wako alikuwa zamu ipi siku ile?" Petro akacheka. "Alikuwa chini na mimi. Ninyi mlikimbia." Mimi nilitoka nje nikalia.

Mzee mmoja wa kanisa alisema lazima kuna dhambi Petro ameificha. Nina aibu kukiri kwamba nilitamani iwe kweli, kwa sababu ningepumua.

Tangu arudi nyumbani, mama humwogesha kila asubuhi, humgeuza asipate vidonda, huku akiimba pambio kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kama hana hasira na Mungu. "Ninayo," alisema. "Namwambia mwenyewe kila siku. Siku nikiacha kumwambia, hapo ndipo mniogopee."

Sasa baba mkubwa ametoka kijijini. Anataka Petro apelekwe nyumbani kwa babu, mizimu ichinjiwe ng'ombe, ndipo atasimama. Aliniambia mbele ya wote, "Ulishamlemaza na vitabu vyako. Ukimzuia tena, ukoo unanawa mikono. Mtamuuguza wenyewe."

Tulipobaki wawili, Petro alinishika mkono. "Dada, ukisema nisiende, siendi. Ila safari hii niambie unachokijua kweli."

Ninachokijua ni kidogo. Najua Mungu yumo katika nyumba hii, maana mama peke yake asingeiweza hii kazi. Sijui kama Petro atasimama. Nikimwambia hivyo tu, naogopa ataenda kutafuta miguu yake kwenye mizimu. Nikimwahidi uponyaji ataniamini, na nitakuwa nimemdanganya mara ya pili.

Jumamosi wanakuja kumchukua. Ndugu zangu mliowahi kuumia mkiwa ndani ya imani, msiniandikie kwamba Mungu ni mwema. Hilo nalijua. Nishaurini, nimwambie nini mtu ambaye atafanya lolote nitakalosema?