Mjomba Alipoambiwa Amechuja

Mwaka ule mjini Morogoro sukari ilikuwa ya kupanga foleni, lakini maneno yalikuwa bwerere, na maneno yote yalimhusu mjomba wangu. Alikuwa bondia. Alikuwa amekubali kupambana na kijana kutoka Dar es Salaam, mbabe ambaye hakuwa amepigwa na mtu, na kwenye mabenchi ya wauza kahawa karibu na soko watu waligawanyika. Wengine walisema bado yumo, wengine walisema amechuja.

Mimi nilikuwa nauza katika duka la ushirika, na jioni nikishafunga nilikwenda kumtetea. Sina ustaarabu kwenye mabishano. Mzee mmoja aliposema mjomba siku hizi anahema kama mtu anayepanda mlima na mkungu wa ndizi, nilimjibu kwamba huo mlima mjomba anaupanda na mikungu miwili, wakati yeye mwenyewe ngazi za msikiti tu zinamtoa jasho. Watu wakacheka, nami nikajiona nimeshinda.

Aliyeniweza kwa mdomo alikuwa mmoja tu, mtani wetu Mnyamwezi, fundi viatu aliyekuwa rafiki wa mjomba tangu ujana wao. Siku moja alisema jicho la kushoto la mjomba limekufa, halioni kitu, na kwamba yeye ameshaanza kunoa jembe la kuchimbia kaburi. Benchi zima liliangua kicheko. Nilimwambia kaburi alichimbe refu, maana tutamtanguliza yeye. Kwetu mtani akitaja kifo chako unacheka, na ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Hata hivyo, habari za jicho zilimfikia mama. Mjomba alikuwa mdogo wake, na kwetu Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo bila radhi ya dada yake mjomba asingepanda ulingoni. Mama aliniita akaniagiza niende mlimani, alikokuwa akilima, nikamwone mwenyewe. Nikirudi na kusema yuko sawa, atampa radhi. Nikisema vinginevyo, hakuna pambano.

Nilimkuta shambani. Nilimpa shikamoo, nikamweleza nilichotumwa, wala hakuudhika. Alichuma machungwa, akanionyesha pa kusimama, upande wake wa kulia, akaniambia nimrushie. Alidaka yote, moja baada ya jingine, huku akinicheka kwamba narusha kama mgonjwa. Kisha akanishika bega.

"Kamwambie dada macho yangu mazima," alisema. "Wewe ni mwanangu, nikudanganye ili nipate nini?"

Nilishuka nikiimba. Mama aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akaniuliza tena, nikasema ninayo. Siku ya pambano alimwekea mjomba mkono kichwani, akamwombea dua, akamwachia aende.

Raundi ya kwanza mjomba alicheza vizuri, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Raundi ya pili yule kijana akaanza kumpiga kwa mkono wa kulia, ngumi zinazotokea upande wa kushoto wa mjomba, na mjomba hakukwepa hata moja. Alikuwa amesimama tu kama mtu anayepigiwa gizani. Hapo nikajua, hata kabla hajaanguka. Alipogeuka kumtafuta mwenzake, ngumi ilimkuta kwenye jicho la kulia, lile zima.

Hospitalini daktari alisema huenda akaona mwanga na vivuli, basi. Mtani alikuja, na safari hii hakutania. Alilia mbele yetu, akasema mjomba mwenyewe alimweleza habari za jicho lile tangu mvua za masika, na kwamba yeye alituambia pale benchini, tukacheka.

Nilimgeukia mjomba. Nilimuuliza kwa nini amwambie mtani, aniache mimi.

"Yeye hata angesema, mngecheka," alisema, macho yote mawili yamefungwa bandeji. "Wewe ungesema, dada angeamini."

Nilitamani kumpiga. Mgonjwa, mjomba wangu, bandeji usoni, nami nilitamani kumpiga, na sioni haya kuandika hivyo. Ukweli aliupeleka kwa mtu ambaye hakuna wa kumsadiki, na uongo akanipa mimi niupeleke nyumbani, kwa sababu nyumbani nilikuwa naaminika.

Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Nilimwambia sikujua. Nilimweleza habari za machungwa, nikamweleza mahali nilipoambiwa nisimame. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mama aliendelea kumjulia hali. Ila hakunituma tena. Akitaka kujua nduguye kala, kalala, anaumwa wapi, alikwenda kumuuliza mtani.