Orodha ya Alhamisi

Nina kipaji kimoja ambacho laiti ningezaliwa bila. Nikimtazama mtu anayetaka kitu, najua kama atakichukua au atakiacha. Nyumbani Nakuru mama alikuwa akinifukuza kwenye kibanda chake cha mboga kwa sababu nilimwambia mteja yupi atanunua na yupi anapiga domo tu, tena nilimwambia mteja mwenyewe akisikia. Riyadh, ambako nilikuwa dereva wa nyumba kwa miaka, kipaji hicho kilinipa heshima. Waliniita Mtabiri. Nilijifanya nachukizwa, lakini nililipenda jina hilo kama mtoto anavyopenda viatu vipya.

Nilichokuwa nikitabiri ni drafti. Siyo ile ya vizibo vya soda juu ya ubao. Sisi Wakenya, madereva na walinzi na vibarua wa maghala, tulikuwa na ligi yetu ya Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji, upande wa kusini wa mji. Zamani kila timu ilikuwa ya watu wa sehemu moja ya nyumbani, na mechi ziliishia kwa ngumi. Ndipo mwenzetu mmoja aliyekuwa akimwendesha injinia wa Kimarekani akatuletea dawa. Alisema bosi wake huyo, kila mwaka, hasumbuliwi na mechi za mpira wa kwao, ule wa kofia ngumu, kama anavyosumbuliwa na siku ya kuchagua wachezaji wapya. Timu iliyoshika mkia inachagua ya kwanza, nyingine zinafuata, na zinaweza kubadilishana zamu au wachezaji. Watu wazima wanakesha wakibishana nani atatangulia kuitwa. Tulicheka sana, halafu tukaiga. Timu sita kwa rangi, manahodha sita, kila mmoja akibakiza mchezaji mmoja wa zamani, na majina yetu mengine yote kwenye karatasi moja. Watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kupasiana mpira.

Kwetu raundi ya kwanza haikuwa sifa tu. Wengi wetu hatukuwa na ruhusa ya kutoka Ijumaa, kwa hiyo tulijiwekea desturi. Ukichaguliwa raundi ya kwanza, nahodha wako anakwenda mwenyewe kwa kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini kuingia nchini, amevaa vizuri, amebeba pakiti ya majani ya chai ya kwetu. Anakuombea ruhusa ya Ijumaa asubuhi kwa msimu mzima, na anaacha nakala ya ikama yake mwenyewe, kile kibali cha ukaazi. Ukitoroka, yeye ndiye atakayetafutwa. Nahodha hawezi kujifunga hivyo kwa watu kumi, kwa hiyo alijifunga kwa mmoja tu. Waliofuata raundi za pili na tatu walijitafutia njia.

Mimi kila Alhamisi ya kuamkia drafti nilituma orodha kwenye kundi letu la simu: majina sita ya raundi ya kwanza, nani atamchukua nani, na nani atabadilishana zamu na nani. Watu waliingoja kama matokeo ya mtihani. Mwaka mmoja nilipatia watano, na yule wa sita nilikosea kwa sababu nilimweka jirani yangu wa nyumbani kwa mapenzi tu. Walinicheka msimu mzima. Wakasema Mtabiri anatabiri kwa tumbo la mama yake. Nikaapa sitampendelea mtu tena.

Sasa nimfikie yeye, rafiki yangu. Tulikuja ndege moja, tukalala sakafu moja kwenye nyumba ya wakala wiki tatu, tukila wali mkavu na kuchekeshana. Yeye alipelekwa kulinda istiraha, mwendo wa saa moja nje ya mji. Istiraha ni uwanja wa ukuta mrefu wenye bwawa la kuogelea, mitende michache na vyumba, ambao familia hukodi mwisho wa wiki. Alikuwa anafungua lango, anasafisha bwawa, analisha mbuzi wa kafili. Nyumbani alikuwa kipa wa timu ya kiwanda, na nimemwona akidaka kwenye uwanja wa wakala, kwa mikono mitupu, mipira ambayo mimi ningeikimbia.

Wiki ya drafti, Jumanne mchana, nilikuwa kwenye gari nje ya shule nikiwangoja watoto wa madam. Akanipigia.

"Buda, niweke kwa hiyo list yako. Hata kama ni namba sita."

"Nikuweke aje na hakuna nahodha amekuona ukidaka?"

"Si wewe umeniona?"

"Mimi si nahodha."

"Najua. Lakini wakiona jina langu hapo, mmoja atafikiria, atakuja kuongea na kafili. Sitaki sifa mimi. Nataka Ijumaa tu. Unajua hapa wiki inaisha na hakuna mtu ameniita jina? Wageni wananiita sadiki, rafiki tu. Kafili ananiita yalla, haya haraka. Ni mbuzi tu tunaongea."

Alisema huku akicheka, na mimi nikacheka naye. Lakini nilimsikia. Siwezi kusema sikumsikia. Nilijua kabisa kwamba mtu huyu ananiomba masaa matatu tu kwa wiki ya kuwa na watu.

"Kipa hachaguliwi raundi ya kwanza," nikamwambia. "Hiyo sheria unaijua."

"Sawa, Mtabiri. Umesema."

Alhamisi nikatuma orodha bila jina lake. Zamu ya tatu ilikuwa ya timu ya kijani, na nahodha wao, mtu wa Mombasa, mpole, dereva wa lori la maji, alikuwa mgumu kumsoma mwaka huo. Nikaandika kwamba atawapa timu ya weupe zamu hiyo, naye apokee mshambuliaji wao pamoja na zamu ya tano, ambayo ataitumia kwa beki mmoja wa ghala la saruji. Nilijiambia hiyo ndiyo haki. Ilikuwa kiburi. Nilitaka sita kwa sita, na rafiki yangu angeniharibia hesabu.

Drafti ilifanyika mtaa wa Manfuha, chumba cha juu cha mkahawa wa chapati na maharagwe, ngazi nyembamba, feni moja. Zamu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, nahodha wa kijani akasimama na karatasi yake, akaikunja, akaikunjua. Akaniangalia mimi, muda mrefu hivi, mpaka mtu mmoja akapiga meza akisema yalla, sema. Nikadhani ananionea wivu. Kisha akasema kijani wanatoa zamu yao kwa weupe, wanachukua mshambuliaji na zamu ya tano. Chumba kikalipuka. Zamu ya tano akamwita yule beki wa saruji, na ya sita ilipotimia nilibebwa juu juu hadi kichwa kikagonga feni iliyokuwa imezimwa. Nilicheka hadi machozi.

Rafiki yangu aliitwa raundi ya mwisho, na timu ya njano, kama kipa wa akiba. Hakuna aliyekwenda kwa kafili wake kwa ajili ya kipa wa akiba.

Alasiri akanitumia ujumbe wa sauti. "Wueh! Sita kwa sita! Hongera, buda. Nilikuwa nimekaa hapa kwa pampu ya bwawa, nimevaa glavu zangu, nikingoja mtu anitext. Umepatia." Niliusikiliza mara mbili. Nilizicheka zile glavu. Nani anavaa glavu kusubiri simu?

Msimu ulipoanza, kila Ijumaa asubuhi alinitumia sauti akitangaza mechi ambazo hakuwapo, kama mtangazaji wa redio. Alitaja majina yetu sote, akampa kila mtu bao, akajipa yeye kazi ya kudaka penalti. Mwanzoni niliziweka kwa spika uwanjani na watu wakaanguka kwa kicheko. Halafu zikawa ndefu, dakika nane, dakika kumi na moja. Sauti yake ikabadilika, hakukuwa tena na mzaha ndani yake, alikuwa anagombana na refa ambaye hakuwapo. Nikaacha kuzisikiliza hadi mwisho. Kisha nikaacha kuzifungua. Baba, yule mwajiri wangu mwenye nyumba, alikuwa na huruma, ningemwomba gari nusu siku nikamwone mwenzangu, angenipa. Sikuomba. Nilikuwa na mechi.

Habari zake nilizipata kwenye kundi, kama kila mtu. Ijumaa moja wageni wakiwa bwawani, walimkuta amesimama katikati ya mitende miwili juani, glavu mikononi, anaruka huku na huku na kupiga kelele. Watoto wakalia. Kafili hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka hospitali, akamlipa mshahara wake, akamkatia tiketi, akasema halas, basi, nenda kwenu upumzike. Nilipoandika "pole ndugu yangu" alikuwa ameshatua Nairobi. Ujumbe ulifika, haukujibiwa.

Mke wake alinipigia wiki chache baadaye. Alikuwa hajui amuulize nani. "Shemeji, kwani huko alikuwa akiongea na nani? Hapa haongei. Anakula, analala, watoto wakimwita anawatazama tu." Nikamwambia ni uchovu, itapita. Mimi ninayejua kila mtu atafanya nini.

Mwaka uliofuata kazi ya baba ilihamia Jeddah, nikahama nao. Nakaa Al-Baghdadiyah na Watanzania wawili, chumba kinachotazama duka la mapazia, na jioni upepo wa bahari unafika hadi ngazini ukiwa na unyevu wake. Huko nahodha wa kijani alinikuta. Alikuwa anapita kwenda Makka kwa umra. Tukakaa mkahawani, akakoroga chai ambayo hakuinywa.

"Kaka, siwezi kwenda kusimama mbele ya Kaaba na jambo hili moyoni," akasema. "Nimekuja kwako unipe nambari ya yule kipa. Nataka kumwomba radhi."

"Radhi ya nini? Wewe hukumfanyia kitu."

"Ndiyo radhi yenyewe. Nilikuwa nimchague mimi. Zamu ya tatu."

Nikamwambia aache utani. Hakuwa anatania.

"Ile Jumatano nilikwenda kule istiraha. Lori langu lapeleka maji upande ule, nilishamwona akidaka mipira ya wale watoto wa wageni. Nikenda na majani ya chai na nakala ya ikama. Kafili wake akakubali, wallahi. Akasema mwanawe atakaa langoni toka alfajiri hadi saa tatu. Na yeye mwenyewe kipa alikuwapo, ndiye alonifungulia lango. Nikamwambia, usimwambie mtu, wasije wakakunyakua. Alifurahi, kaka. Alinishika mkono hataki kuuwacha."

Nikauliza kilichotokea, ingawa nilikuwa nimeanza kujua.

"Alhamisi nikasoma orodha yako. Hukumweka. Nikasema, huyu ni mwenziwe, wamekuja ndege moja. Kama yeye hakumweka, basi yuko na jambo alijualo. Pengine mgonjwa. Pengine ataka kutoroka, na ikama yangu i kule. Nikaingia hofu. Hata ile ya kubadilishana zamu na weupe sikuwa nayo mimi. Nilisoma kwako, nikafuata. Sote tulikuwa twafanya hivyo. Kwani wewe hukujua?"

Sikujua. Miaka yote nilidhani nawasoma manahodha, kumbe wao ndio walionisoma mimi. Sikuwahi kutabiri chochote. Nilikuwa nachagua, na watu walinishangilia. Na yeye, aliyekaa kwenye pampu na glavu zake, alikuwa anangoja jambo aliloahidiwa, akasikia limekwenda kama nilivyoandika, akachukua simu akanipongeza. Nililia pale mkahawani, mbele ya nahodha na mhudumu wa Kibengali aliyeniletea karatasi za tishu bila kuulizwa. Nahodha akasema tumwombe Mungu. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, lakini radhi inaombwa. Nikampa nambari.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, saa zile zile ambazo mpira ulikuwa ukianza Riyadh, nikampigia mke wake. Nahodha alikuwa ameshapiga, akaomba radhi kwa mtu asiyejibu, akaenda umra yake. Mke akaniambia, "Nitakuwekea simu kwa sikio lake, shemeji. Lakini usitarajie kitu."

Nikasikia kuku, na mtoto akisoma herufi kwa sauti. Kisha nikasikia pumzi yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, yote yakaniruka. Kwa hiyo nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nikasoma orodha.

"Raundi ya kwanza," nikasema. "Zamu ya tatu. Timu ya kijani. Hawabadilishani na mtu. Wanamchagua..." Nikataja jina lake. Nililitaja lote, majina matatu, kama lilivyo kwenye pasipoti, jina ambalo kule hakuna aliyemwita.

Yule mtoto akaacha kusoma. Halafu rafiki yangu akaongea, polepole, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Kipa hachaguliwi raundi ya kwanza."

Simu ikaanguka, ikaokotwa. Mke wake alikuwa analia na kucheka. "Ameongea! Shemeji, umesikia? Ameongea! Umemwambia nini? Mwambie tena, tafadhali, mwambie tena vile vile."