Sanamaki Iliyoninenea Msambweni

Niliondoka Tiwi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na kazi moja na tatizo moja. Kazi: kwenda Msambweni kwa wakwe wa mpwa wangu, kuteremsha wageni wa harusi kutoka mia nne hadi mia mbili. Chakula ni juu yetu, na dada yangu Rehema, mama wa bwana harusi, alikwisha kusema: wakizidi hapo, anauza cherehani, nayo ndiyo inayomlisha. Tatizo: siku nne sikuwa nimekwenda choo. Nilizihesabu mara mbili. Ni nne.

Saa moja, Ukunda. Bi Mwanasha, muuza dawa za majani, alinipa pakiti ya sanamaki iliyosagwa. Nyuma imeandikwa: ina viini vya hidroksianthrasini.

"Shikamoo, bibi. Na jina hili refu nalilipia?"

"Marahaba. Huo ndio uchungu wa sanamaki, na wa shubiri pia, ukoo mmoja. Wataalamu wameupa jina ili watu kama wewe wasinibishie bei. Kijiko kimoja tu. Hauamki mpaka ufike utumbo mpana, vijidudu vya huko viufungue. Huchukua muda wa kama saa nane hivi."

Nikanywa pale pale kwa maji ya moto, kisha nikadai nyongeza. Hata bizari sinunui bila nyongeza. Akanifungia kijiko cha pili katika karatasi.

"Hiki si cha leo, baba."

Saa tatu, Msambweni. Tumbo kimya. Dawa inayokaa saa mbili bila kujibu, mimi huiita feki. Nikaagiza chai ya rangi mkahawani, nikatia na nyongeza.

Saa tisa, ukumbini kwa Mzee Juma, baba wa binti. Tumekula, tumeshukuru.

"Sisi tu wengi, bwana," akaanza. "Mia nne."

Nilifungua mdomo, tumbo likanitangulia. Nikasimama. "Mtaniwia radhi." Nikatoka kwa hatua fupi fupi.

Niliporudi, sauti yake imelainika. "Usituondokee kwa hasira. Mia tatu na hamsini."

Nikasimama tena.

Choo chao kimepakana na jikoni. Safari ya tatu nikamsikia mkewe: "Huyu wa Tiwi habishani, anaondoka! Mteremshieni, atatuaibisha!"

Kila nikirudi, hamsini wamepungua. Safari ya tano walibaki mia na hamsini. Fatiha ikasomwa nami nimeshika mlango.

"Sijaona mtu mwenye msimamo kama wewe," Mzee Juma akaniambia. Sikuwa na nguvu ya kukanusha.

Magharibi, Ukunda tena. Bi Mwanasha alikuwa akifunga kibanda.

"Ilikujibu?"

"Iliwajibu wao."

"Na nyongeza?"

Nikatazama pembeni. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilichojifunza ni kwamba jani lina saa zake, halisukumwi; na kwamba miaka yote hii nimekuwa nikisema mno penye bei.

Rehema alifurahi, akasogeza cherehani anishonee suruali ya harusi. Akanipima kiuno, akaitazama tepu, akapima tena.

"Kaka, kwani huko Msambweni hawakukupa chakula?"